Babu Aliyekuwa Diwani: Habari za George Lansbury wa Poplar



Mara nyingi tukizika mzee aliyekuwa diwani, msemaji husimama kaburini akasema, "Huyu alikuwa mtu wa watu," kisha huketi. Wajukuu hurudi nyumbani na neno hilo, wala hawajui maana yake. Alifanya nini huyo mtu wa watu? Alishindana na nani, na kwa shauri gani? Ilimgharimu nini? Katika somo la mwezi huu twataka kutazama maisha ya babu mmoja ambaye habari zake zimehifadhiwa vizuri, hata maswali hayo yaweza kujibiwa. Si mtu wa nchi yetu. Alikuwa Mwingereza wa upande wa mashariki wa London, jina lake George Lansbury. Pengine wasomaji wengine wamelisikia jina hilo kwa ajili ya mjukuu wake, Angela Lansbury, mchezaji wa sinema aliyejulikana duniani kote, aliyefariki mwaka wa 2022. Lakini kabla mjukuu huyo hajazaliwa, babu yake alikwisha kuketi katika baraza la mtaa wake zaidi ya miaka ishirini, tena alikwisha kufungwa gerezani kwa ajili yake.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Diwani kwetu ni neno la zamani. Katika pwani ya Mrima, kabla Wadachi hawajaja, madiwani walikuwa wakubwa wa miji kama Bagamoyo, watu wa ukoo na heshima. Baadaye neno hilo likahamia kwa mtu achaguliwaye na jirani zake aende barazani kusema kwa ajili yao. Yule wa kwanza aliketi kwa damu ya ukoo. Huyu wa pili huketi kwa kura, na kura zaweza kumwondoa. Lansbury alikuwa wa namna hii ya pili, na katika Uingereza ya siku zile diwani hakupewa mshahara wo wote. Habari hizi hazituhusu kwa mbali tu, maana sheria ya mwaka wa 1953 iliyoweka mabaraza ya miji na wilaya katika Tanganyika ilitungwa na Waingereza kwa mfano wa kwao. Na ijapokuwa mabaraza yetu yalivunjwa mwaka wa 1972, yakarudishwa kwa sheria za mwaka wa 1982, sura ya jamaa ile ingali yaonekana usoni pake.

George Lansbury alizaliwa tarehe 22 Februari mwaka wa 1859 katika jimbo la Suffolk. Baba yake alikuwa akifanya kazi pamoja na watu wajengao njia ya reli, na jamaa ilihama pamoja na kazi hata ikafika mashariki ya London. Pale kijana akajiunga na kanisa la Whitechapel, akampenda mchungaji wake, akafundisha watoto. Hakunywa pombe maisha yake yote. Mwaka wa 1880 alimwoa Bessie Brine, binti wa mwenye kiwanda cha kupasulia mbao, na Mungu akawajalia watoto kumi na wawili. Hatutaandika habari nyingi za Bibi Bessie, kwa sababu vitabu vyenyewe vyamtaja kidogo mno; lakini msomaji na akumbuke kila tutakaposema "alikwenda mkutanoni" kwamba nyumbani palibaki mtu na watoto hao.

Mwaka wa 1884 walisafiri kwenda Australia. Mawakala walikuwa wakieneza habari kwamba kule kazi ni tele na mshahara ni mzuri. Walipofika waliona watu wengi wasio na kazi. Lansbury akavunja mawe, akafanya kazi machinjioni, akafanya kazi shambani kwa tajiri, wala hakupata maisha. Mwaka uliofuata baba mkwe akawapelekea nauli, wakarudi. Wengine wakirudi hivyo hunyamaza kwa aibu. Yeye alisimama mbele ya watu akaeleza jinsi maskini wanavyodanganywa kwa karatasi zilizopigwa chapa vizuri, na hapo ndipo alipoanza kusikiwa. Kisha akarudi katika kiwanda cha mbao cha mkwewe.

Mtaa wake ulikuwa Bow, katika wilaya ya Poplar, karibu na magati ya mto Thames. Watu wengi pale walikuwa wachukuzi wa mizigo ya meli. Asubuhi walisimama langoni pa gati wakingoja kuchaguliwa. Siku meli hazikuja hapakuwa na kazi, na siku isiyo na kazi haikuwa na chakula. Mtu aliyeshindwa kabisa alikwenda kwa watu walioitwa walinzi wa maskini, nao waliweza kumwingiza katika nyumba ya maskini. Nyumba hiyo ilifanywa kwa makusudi iwe ya kuchukiza, ili mtu asiitamani. Mume alitengwa na mke, watoto wakatengwa na wazazi; nguo zilikuwa za namna moja, kama za wafungwa.

Mwaka wa 1893 Lansbury alichaguliwa kuwa mmoja wa walinzi hao. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jambo lililotokea alipoikagua nyumba ile wakati wa chakula cha jioni. Wazee walikuwa wamepewa uji, na ndani yake mlikuwa na vitu vyeusi vikielea. Alipovitazama aliona ni mavi ya panya. Akamwita bibi msimamizi. Yule bibi akasema uji ni mzuri wala hauna neno. Lansbury akajaza bakuli, akampa pamoja na kijiko, akamwambia ale tonge moja tu, naye atakiri kwamba amekosa. Bibi akakataa, chakula hicho, alisema, hakikuwekwa kwa ajili yake, bali ni chema kwa wale wanaokihitaji. Basi Lansbury akapaza sauti mpaka wakaja daktari na mkuu wa nyumba, wakaomba radhi, na usiku ule ule wazee wakaletewa kakao na mkate.

Twaomba wazee wa sharika wakae kidogo katika habari ya bakuli lile. Lansbury hakutoa hotuba juu ya umaskini. Aliinamia sufuria. Ripoti ya nyumba ingeweza kuandikwa "chakula kilitolewa", nayo ingekuwa kweli. Tena angalieni jibu la yule bibi. Hatudhani alikuwa mtu katili kuliko wengine. Alikuwa amezoea tu kwamba kuna chakula cha watu na chakula cha maskini. Hata katika nyumba zetu, sahani ya mfanyakazi mara nyingine hutoka katika sufuria nyingine.

Pamoja na mwenzake Will Crooks, ambaye alipokuwa mtoto alipata kuishi katika nyumba kama ile kwa sababu ya umaskini wa wazazi wake, alibadili mambo mengi: chakula, mavazi, masomo ya watoto. Mwaka wa 1903 akaingia katika baraza la wilaya ya Poplar lenyewe, akawa diwani, na kiti hicho alikikalia hata kufa kwake mwaka wa 1940. Ni miaka thelathini na saba. Katika miaka hiyo alipata vyeo vikubwa zaidi na kuvipoteza, lakini udiwani hakuuacha.

Sasa inatupasa kueleza jambo la hesabu, maana shauri zima la Poplar lilikuwa la hesabu. Tuseme kuna vijiji viwili. Cha kwanza kiko mlimani. Kila nyumba ina kahawa na ng'ombe wa maziwa, na wajane wake ni watatu. Cha pili kiko chini bondeni. Udongo wake ni mwembamba, vijana wamekwenda kutafuta kazi mbali, na wajane ni thelathini. Mkubwa ameamuru hivi: kila kijiji kilishe wajane wake chenyewe, kisha vyote vichange kwa ajili ya njia kuu. Kijiji cha mlimani kitatoa debe moja kwa kila nyumba na kubaki na akiba. Kijiji cha bondeni kitatoa madebe matatu kwa kila nyumba, na wajane hawajashiba bado. Amri ni moja, mzigo si mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa London. Mji ulikuwa mmoja, lakini uligawanyika wilaya nyingi, na kila wilaya ilitoza kodi ya nyumba kwa kadiri ya thamani ya nyumba zake: peni kadhaa kwa kila pauni. Katika Westminster, penye majumba makubwa, peni moja ilileta fedha nyingi mara kadhaa kuliko peni ile ile katika Poplar, penye vijumba vya wachukuzi. Lakini watu wasio na kazi hawakukaa Westminster; walikaa Poplar. Basi maskini walitozwa zaidi ili kuwalisha walio maskini kuliko wao. Pamoja na hayo Poplar ilipaswa kuchanga kwa ajili ya mabaraza makuu ya London nzima: Baraza la Jimbo, polisi, hospitali na maji.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1919 chama cha wafanyakazi kilishinda katika Poplar, kikapata viti 39 kati ya 42, na Lansbury akawa mkuu wa mji, yaani meya. Waliochaguliwa walikuwa watu wa reli, wa magati, wa posta, na akina mama wa nyumbani. Wakaanza kazi. Walijenga nyumba, wakatoa maziwa kwa wenye watoto wachanga, wakaongeza dawa ya kifua kikuu, wakatengeneza mabafu na mahali pa kufulia nguo, kwa maana nyumba nyingi hazikuwa na maji ya kutosha. Watumishi wa baraza wakapewa mshahara usiopungua pauni nne kwa juma, mwanamke sawa na mwanamume. Jambo hili la mwisho liliwatia wakubwa hasira kuliko yote. Shauri lake lilipelekwa mahakamani, na mwaka wa 1925 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kwamba baraza lilipita kiasi cha haki yake. Leo sheria ya Uingereza yenyewe huamuru mshahara sawa kwa kazi iliyo sawa.

Mwaka wa 1921 kazi zikapungua sana. Wasio na kazi wakaongezeka, na fedha ya kuwalisha ikazidi uwezo wa wilaya. Madiwani wakaona njia mbili tu: kuwatoza kodi zaidi watu wasio na kitu, au kupunguza chakula cha wenye njaa. Mwezi wa Machi wakachagua ya tatu. Waliamua wasitoze ile sehemu ya kodi iliyokuwa ya mabaraza makuu ya London, mpaka mzigo wa maskini ugawanywe kwa wilaya zote, za matajiri na za maskini. Wakashtakiwa. Tarehe 29 Julai walikwenda Mahakama Kuu kwa miguu, mwendo wa maili tano hivi, meya akiwa amevaa mkufu wake, mbele yake fimbo ya heshima ya baraza, na bendi ikipiga. Bendera yao iliandikwa kwamba baraza la Poplar laenda mahakamani, na labda gerezani. Mahakama ikawaamuru walipe. Wakakataa. Kuanzia tarehe 1 Septemba wakakamatwa, wanaume ishirini na watano na wanawake watano. Lansbury alikuwa na umri wa miaka 62. Mwanawe Edgar alifungwa pia, na Minnie mke wa Edgar.

Hapa mchungaji hawezi kupita haraka. Wengi wa wasomaji wetu wamejifunza tangu katekisimu kwamba mwenye mamlaka atiiwe, na Mtume Paulo aliwaandikia Warumi hivyo katika mlango wa kumi na tatu, akataja na kodi waziwazi. Je! madiwani hawa walivunja neno hilo? Hata rafiki zao walisema wamevunja. Herbert Morrison, meya wa Hackney, wilaya iliyo karibu, mtu wa chama kile kile, aliikataa njia ya Poplar. Aliona kwamba baraza likivunja sheria leo kwa ajili ya maskini, kesho baraza jingine litavunja sheria dhidi ya maskini, nalo litasema lilijifunza kwa Poplar. Tena fedha iliyozuiwa ilikuwa ya hospitali na maji pia. Hoja hii ina uzito, wala si haki kuitupa kwa sababu tu tumempenda Lansbury.

Lakini na tutazame walivyofanya. Hawakuficha fedha, maana hawakuitoza. Hawakuandika hesabu ya uongo. Walitangaza mbele ya watu watakalolifanya na sababu yake. Walipoitwa na mahakama walikwenda, tena kwa miguu yao na bendi, walipohukumiwa hawakukimbia. Hakuna jiwe lililotupwa. Luther naye, alipoandika mwaka wa 1523 juu ya mamlaka ya dunia, alieleza kwamba utii huo una mpaka, na aufikiaye mpaka asijibu kwa upanga bali avumilie atakalotendwa. Yeye alinena hasa juu ya imani, si juu ya kodi za wilaya, wala hatutaki kumvuta ashuhudie jambo asilolijua. Lakini sisi twaona tofauti kubwa kati ya diwani akataaye kulipa ili aweke mfukoni, na diwani akataaye kisha akanyosha mikono afungwe. Kwa maoni yetu walikuwa na haki ya kufanya walivyofanya, madhali walikuwa tayari kulipa wao wenyewe.

Nao walilipa. Wanaume walitiwa gereza la Brixton, wanawake gereza la Holloway. Chakula kilikuwa kibaya, na baadhi yao waliugua. Nellie Cressall alikuwa mja mzito. Wakubwa walipoona aibu ya kumshika mwanamke katika hali hiyo wakamtoa kabla ya wenziwe. Watu wa Poplar walikwenda Brixton kwa makundi, wakaimba nje ya ukuta, na mzee Lansbury akasema nao kupitia vyuma vya dirisha lake. Lakini jambo la ajabu ni hili: kazi ya baraza haikusimama. Madiwani walidai wafanye mikutano yao humo gerezani, na msimamizi akakubali. Wanawake wakaletwa kwa gari kutoka Holloway hata Brixton, wakaketi pamoja na wenzao, na shughuli za wilaya zikasomwa na kuamuliwa kama kawaida. Twadhani si rahisi kumpata mfungwa mwingine aliyetoka chumbani mwake kwenda kushauriana juu ya mambo ya mtaa wake, kisha akarudi kufungiwa.

Mabaraza ya Bethnal Green na Stepney nayo yakaazimia kufuata mfano wa Poplar. Serikali ikaona kwamba magereza hayatatosha. Tarehe 12 Oktoba mahakama ikawafungua, wapate kuhudhuria mkutano wa kulizungumza shauri la kodi, na kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria ya kuugawanya mzigo wa kuwalisha maskini kwa London yote. Wilaya za matajiri zikachanga zaidi, na za maskini zikapumua. Kijiji cha mlimani kilianza kusaidia wajane wa bondeni.

Minnie hakuyaona matunda hayo muda mrefu. Alikuwa mwalimu, binti wa Wayahudi waliohamia London kutoka milki ya Urusi, mwanamke hodari katika mashauri ya wajane wa vita. Afya yake ilidhoofika baada ya kifungo. Akashikwa na homa ya mapafu, akafa tarehe 1 Januari mwaka wa 1922, umri wake miaka 32. Baadaye Edgar alioa tena, na katika ndoa ya pili akazaliwa Angela, mwaka wa 1925.

Mambo ya Lansbury katika Bunge tutayapita upesi, kwa kuwa somo letu ni la diwani. Aliingia mara ya kwanza mwaka wa 1910. Miaka miwili baadaye alijiuzulu kwa hiari yake ili wapiga kura wa Bow waamue kama wanawake wapewe kura. Wakamwangusha, akakaa nje miaka kumi. Katika serikali ya mwaka wa 1929 alipewa uwaziri mdogo wa kutunza majengo na bustani za serikali. Wengine walidhani wamemweka mahali asipoweza kufanya neno. Yeye akafungua mahali pa kuogelea katika ziwa la Hyde Park, katikati ya London, wanaume kwa wanawake na watoto, na watu huoga pale hata leo. Alifanya uwaziri kama alivyofanya udiwani. Toka mwaka wa 1932 hata 1935 alikiongoza chama cha wafanyakazi. Akajiuzulu, kwa sababu aliamini kwamba Mkristo asichukue silaha kamwe, na wenzake waliona kwamba Mussolini hatazuiwa asiishambulie Uhabeshi kwa maneno matupu.

Katika matanga mambo kama haya yafuatayo huachwa, lakini hapa hatutayaacha. Mwaka wa 1937, akiwa mzee wa miaka 78, alisafiri kwenda Berlin kuonana na Hitler, kisha Roma kuonana na Mussolini, akiwasihi wakubali mkutano wa amani. Alirudi akidhani kwamba wamemsikia. Hawakumsikia. Wakati ule Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kunyang'anywa uraia wao, na mkwewe marehemu, Minnie, alikuwa wa taifa lile. Mzee aliyetambua mavi ya panya katika bakuli la uji hakuyatambua yaliyokuwamo moyoni mwa mtu aliyeketi mbele yake. Pengine sababu ni moja kwa yote mawili. Katika Poplar alizoea kwamba mtu akiambiwa kweli uso kwa uso atatahayari, naye mkuu wa nyumba ya maskini alitahayari kweli. Wako watu wasiotahayari. Mjukuu atakayeandika habari za babu yake na aandike na safari ya namna hii, kwa heshima, bila kuifunika.

Katika kitabu cha Nehemia, mlango wa tatu, mmeandikwa orodha ndefu ya watu waliojenga ukuta wa Yerusalemu, ambayo wasomaji wengi huiruka. Kila mmoja ametajwa pamoja na kipande chake: huyu lango, huyu mnara, huyu mahali panapoelekea nyumba yake mwenyewe. Shalumu ametajwa pamoja na binti zake. Hata wakuu wa Tekoa waliokataa kutia shingo kazini wameandikwa. Twaona hiyo ndiyo njia ya kumkumbuka diwani. Jina lake na kipande chake: bomba gani, daraja gani, shule gani, ni nani aliyempinga, na lipi lililobomoka. Mzee mwenyewe angali hai, na aulizwe sasa. Mihutasari ya mabaraza huliwa na mchwa, na katibu aliyeiandika naye huzeeka.

Nyumba ya Lansbury ilikuwa namba 39 katika njia ya Bow. Angeweza kuhamia upande wa matajiri alipokuwa waziri, lakini alikaa pale pale katikati ya watu waliomchagua, na mlango wake ulipigwa hodi mchana na usiku na watu wenye taabu za kodi, za kazi na za watoto. Imani yake nayo ilikuwa na safari yake. Karibu na mwaka wa 1890 aliliacha kanisa kwa miaka kadhaa, akiona Wakristo wengi hawajali njaa ya jirani; kisha akarudi, akawa mshiriki wa kanisa la Bow mpaka mwisho. Bibi Bessie alifariki mwaka wa 1933, na Edgar mwaka wa 1935, Angela akiwa mtoto wa miaka tisa. Angela alipokuwa mtu mzima alimtaja babu yake kuwa kama jitu kubwa katika utoto wake.

Alifariki tarehe 7 Mei mwaka wa 1940, vita ikiwa imeenea. Katika wosia wake aliomba majivu yake yatupwe baharini, kwa kuwa, ijapokuwa aliipenda sana Uingereza, alijiona ndugu wa watu wa mataifa yote. Kwa hiyo hana kaburi la kuzuriwa. Nyumba namba 39 nayo ilibomolewa na mabomu ya Wajerumani katika vita ile. Vita ilipokwisha, mitaa iliyobomolewa katika Poplar ikajengwa upya, nyumba, shule na soko, na sehemu hiyo ikafunguliwa mwaka wa 1951 kwa jina la Lansbury. Wilaya ya Poplar yenyewe haiko tena. Mwaka wa 1965 iliunganishwa na Stepney na Bethnal Green, zile mbili zilizokuwa tayari kuifuata gerezani, zikawa wilaya moja iitwayo Tower Hamlets. Katika njia ya Bow, juu ya ukuta, iko saa iliyotundikwa kwa ukumbusho wa Minnie, na watu wakingoja basi huitazama.